Kikoba chetu tunaenda Serengeti na Ngorongoro kwa mara ya kwanza, tujiandae na nini?

MwekaHazina_Mbagala

Habari za jioni wakuu, naomba niende moja kwa moja maana humu mtu akizunguka kidogo anaambiwa arudi Fesibuku. Sisi ni kikoba cha akina mama 12 huku Mbagala, kila mwaka tukivunja mwezi wa sita kila mtu anakimbilia bati na ada za watoto, mwaka huu tukasema hapana, kila mtu aache kidogo tukatembee. Mmoja akapendekeza Zanzibar tukamzomea, boti zake tunaziona kila siku tukienda Feri kununua samaki. Ikapita Serengeti na Ngorongoro, siku nne, katikati ya mwezi wa saba.

Sasa shida ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia mbugani. Mimi mnyama wa porini nimemwona kwenye dirisha la basi pale Mikumi nikienda msibani Iringa, na hapo nilikuwa nasinzia. Kwaiyo naomba anayejua anieleze kama anamweleza mtoto. Yale magari yanayofunguka juu simba hawezi kuruka akaingia? Choo je, maana wengine tuna sukari na haja haisubiri. Baridi inayosemwa ya Ngorongoro ni kweli au ni maneno ya watu wa Arusha kujisifia? Tuna bibi yetu wa miaka 67 magoti yanamsumbua, ataweza? Nyumbu wanaovuka mto tutawakuta? Na chakula tubebe wenyewe? Sare tumeshashona, kitenge cha bluu na nyeusi, tutapendeza kweli kwenye picha. Nawasilisha.

Pweza_Mkavu

Simba akiingia kwenye gari lenye akina mama wa kikoba atatoka mwenyewe akiwa ameshakopeshwa na anadaiwa riba.

Dereva_wa_Vumbi

Dada karibu sana, na hongereni, mimi ni dereva wa kuongoza watalii hapa Arusha mwaka wa 11 sasa, na niseme ukweli wageni wanaonifurahisha kuliko wote ni Waswahili wenzangu maana mzungu akiona swala wa kwanza anapiga picha mia, mama wa Kitanzania akiona swala wa kwanza anauliza "huyu analiwa?" Nitajibu nilivyokumbuka.

Kwanza simba. Hawezi kuja kama nyie mmetulia. Kwake gari zima ni kitu kimoja kikubwa kinachonuka dizeli, hamtofautishi mtu mmoja mmoja humo ndani mpaka mtu atoe mkono, asimame nje ya dirisha au apige kelele. Mimi simba wamekuja wakalala kwenye kivuli cha gari langu, kabisa mgongo umegusa tairi, tukakaa nusu saa hatuwezi kuondoka. Ila nawaambia mapema msije mkanidai hela, simba analala karibu saa 20 kwa siku. Mtamkuta kalala chali, miguu juu, tumbo limejaa, inzi usoni. Yale ya kukimbiza pundamilia kama kwenye TV kuna watu wanamaliza siku nne bila kuyaona. Mwambie kila mama aelewe hilo kabla hajalipa.

La pili sare. Dada yangu hapo nimecheka peke yangu kijiweni. Bluu na nyeusi ndiyo rangi ya mitego ya mbung'o! Mkifika baadhi ya sehemu za Serengeti mtaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimening'inizwa kwenye miti, vina dawa, mbung'o anapenda hizo rangi anakuja anatua anakufa. Sasa nyie 12 mmevaa hivyo hivyo ila hamna dawa. Na mbung'o sio mbu, anauma juu ya nguo, unaruka kwenye kiti. Vaeni rangi ya udongo, kaki, kijani kilichofifia, kahawia. Na ya jeshi jeshi msivae kabisa, hiyo ni kesi hapa nchini hata bila mbung'o.

Nyumbu. Mwezi wa saba hao wanaovuka mto wapo kaskazini kabisa, Kogatende, mto Mara. Nyie na siku zenu nne mtaishia Seronera ambayo ni katikati, na kutoka Arusha tu mpaka Seronera ni saa 7 hadi 8 barabarani. Kwenda Kogatende inataka siku mbili zaidi. Kwaiyo mtaona nyumbu wachache wachache waliobaki nyuma, ila lile kundi la zaidi ya milioni mnaloliona kwenye simu msilitegemee. Mkitaka kuliona kirahisi njooni mwezi wa pili, nyumbu wanakuwa kusini upande wa Ndutu wanazaa, ni karibu na hamvuki chochote. Seronera lakini ndiyo pa simba na chui mwaka mzima, hapo hamtakosa kitu.

Magoti ya bibi: asikae nyuma. Kiti cha nyuma kipo juu ya ekseli, barabara ya kuanzia geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro mpaka Naabi, geti la Serengeti, ni vumbi na mawimbi mawimbi, mifupa yote inahesabiwa. Mkalisheni nyuma ya dereva, mto mdogo mgongoni. Na nyie 12 ni magari mawili, msikubali mtu akawaambia mtabanana kwenye moja. Kila mtu lazima awe na dirisha.

Kuhusu malipo ya hifadhi, Mtanzania analipa kwa shilingi na ni hela ndogo sana ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa dola, ila njooni na vitambulisho vya NIDA, kila mtu na chake mkononi, sio picha kwenye simu ya mweka hazina. Kibali cha Serengeti ni cha saa 24, mkipitiliza mnalipa tena, ndio maana mtaona dereva anaangalia saa kila muda, msimwone ana kiherehere. Na Ngorongoro ni mamlaka nyingine na malipo yake mengine, mnaipita kwenda na kurudi.

MwekaHazina_Mbagala

Kaka asante jamani umenieleza mpaka nimeelewa. Ila hiyo ya sare umenimaliza, fundi nimeshamlipa yote. Nimewatumia kwenye grupu voisi noti, mwenyekiti kajibu kwamba mbung'o watapigwa na kanga. Afu choo hukujibu.

BintiWaKibosho

Ngoja hapo kwenye choo nijibu mimi maana wanaume wakijibu hilo swali wanasema "vipo" basi. Mimi nilimpeleka mama yangu mzazi mwaka juzi, mwezi wa saba hivo hivo, alikuwa na miaka 70.

Dada, choo kipo getini Lodoare, kipo Naabi, kipo Seronera, na kule chini kreta, lile bonde la shimo la Ngorongoro, kipo Ngoitoktok kwenye bwawa la viboko. Hapo katikati hakuna kitu, ni majani tu mpaka macho yanachoka. Kwaiyo ni kuchimba dawa kama kwenye basi la mkoani, tofauti ni kwamba hapa huendi kichakani. Unaenda nyuma ya tairi la gari. Dereva anatafuta sehemu ya wazi, anaangalia na darubini pande zote, anazunguka gari, afu anasema haya mama shuka upesi. Mama yangu alikataa siku ya kwanza, akasema afe na heshima zake. Siku ya pili akashika kanga mwenyewe. Tulikuwa tunashika kanga mbili, moja upande huu moja upande huu, mtu anachuchumaa katikati, twiga anatuangalia kwa mbali anatafuna. Bebeni kanga nyingi, tishu, na mfuko wa kuweka tishu zilizotumika, hakuna kuacha kitu chini. Ule mfuko usiwe wa nailoni ya sokoni, ilishapigwa marufuku tangu 2019 na getini wanaweza kukusumbua.

Baridi ni kweli tena kweli tupu. Sisi tulilala kwenye hema ukingoni juu pale Simba kempsaiti, ni zaidi ya mita 2,200 toka usawa wa bahari, mtu wa Mbagala anayelala na feni hawezi kuelewa hadi afike. Mama alivaa soksi mbili, suruali ya ndani, sweta, kikoi kichwani na bado saa 9 usiku akaniamsha anasema "mwanangu huku ndiko tulikokuja kustarehe?" Pundamilia walikuwa wanakula majani nje ya hema, unasikia kabisa wanavyokata, krap krap, mimi nikadhani ni mtu anapita. Asubuhi tukatoka ukungu mweupe pyee, tumefika pale kwenye viu pointi kila mtu kalipia kwenda kuona kreta tukaona weupe tu kama wa maziwa ya ng'ombe. Mama akaanza kununa. Dereva akasema subirini, tukakaa ndani ya gari tunakunywa chai ya tangawizi ya kwenye chupa, kama dakika 40, mara upepo ukapita ukungu ukachanika katikati kama pazia na chini kabisa huko ukaona ziwa linang'aa na vidoti vyeusi. Vidoti ni nyati. Ukuta una kama mita 600 kwenda chini. Mama hakusema kitu, alinishika tu mkono, na mama yangu sio mtu wa kushikana mikono.

Kama hela inaruhusu laleni Karatu kwenye loji za kawaida zenye maji ya moto, hema la juu mwachie kijana. Magoti ya bibi yenu yatawashukuru.

Na uvumilivu, hilo watu hawasemi. Serengeti siku ya pili asubuhi tulisimama chini ya mti mmoja saa nzima na zaidi, dereva kaambiwa kwenye redio chui yupo humo. Hatuoni kitu. Watu wameanza kula karanga, mama kalala mdomo wazi. Mimi naangalia tawi moja lina kamba imening'inia, nikasema sijui watu wanafunga nini huku porini, ile kamba ikajikunja ncha. Ulikuwa mkia! Alikuwa hapo muda wote, mwili umelala juu ya tawi miguu minne inaning'inia, na juu yake kidogo kaning'iniza swala amebaki nusu. Nimemwamsha mama akaangalia akasema "mbona mdogo" akarudi kulala. Jamani.

MzeeWaMikumi

Mnawajaza watu hamu bure. Kwa akina mama wa Dar mara ya kwanza, wengine na sukari wengine na magoti, hiyo safari ya siku nne ni ndefu mno, ukihesabu na basi la Dar mpaka Arusha ni siku sita, siku mbili nzima wamekaa kwenye basi. Mimi ningesema anzeni Mikumi. Treni ya umeme asubuhi mpaka Morogoro haifiki saa mbili njiani, mnakodi kosta, mnaingia hifadhini, tembo wapo, twiga wapo, viboko wapo pale bwawani, simba mkiwa na bahati. Mnalala usiku mmoja mnarudi. Kiingilio chenyewe ni rahisi zaidi hata ya Serengeti. Mkiona mnaipenda shughuli yenyewe mwakani ndio mwende huko kwenye ukungu.

MwekaHazina_Mbagala

Mzee wangu shikamoo. Wazo zuri na nimelipeleka, ila nikikuambia walivyojibu utacheka. Wamesema Mikumi wanapita bure na basi kila mtu akifiwa, hawawezi kuchangishana mwaka mzima kwenda kuona walichokwisha kukiona wakiwa na huzuni.

Jirani_wa_Rongai

Sasa dada, hapa ni Kenya nakusalimu. Mimi hiyo ya nyumbu kuvuka nimeiona upande wetu wa Masai Mara, na nakwambia usisikitike kuikosa mara ya kwanza. Tulifika mtoni saa tatu asubuhi, magari yamejipanga pale kama steji ya matatu Jumatatu, nyumbu wamekuja wakafika ukingoni, mmoja ananusa maji, ananusa, anageuka, wote wanageuka. Wakarudi tena, wakageuka tena. Saa nane tukawa tumechoka tukaenda kula, tumerudi tunaambiwa wamevuka wote mkiwa mnakula. Nilisikia kulia. Lakini simba niliona wanane kwa siku moja, hiyo hakuna mtu ananipokonya. Enda tu, na mkae kimya kwa gari, hiyo ndio ngumu kwa kikundi cha kina mama.

Chuma_Ulete

Mimi nakuja na upande mwingine ili msije kulia kama mimi. Tulikuwa vijana nane wa ofisi moja, tukapata ofa kwenye grupu la Wasapu, bei nusu ya wengine, jamaa anaongea vizuri ana picha za tembo kila dakika. Tumetuma hela yote kwenye namba yake ya simu. Siku ya safari inakuja Noah. Noah wakuu! Nikauliza Landkruza iko wapi akasema inatungojea mbele. Mbele ikawa Makuyuni, ikawa Mto wa Mbu ambapo alituzuga na ndizi nyekundu, ikawa Karatu, mpaka getini. Pale ndio tukaambiwa gari la namna hiyo halishuki kreta, kule chini ni fo wili draivu tu maana barabara ya kushuka ni mteremko mkali na ya kupandia ndio balaa zaidi. Kulipia hela ya kushusha gari nayo hakuwa amelipa. Tukasimama juu pale tunaangalia wanyama chini kama watu wanaoangalia harusi ya jirani kupitia uzio. Simu yake ikazimwa saa sita mchana.

Kwaiyo mweka hazina, wewe una hela ya watu 11 mkononi: omba kuona leseni yao ya TALA, ile ya biashara ya utalii, nenda ofisini kwao kwa miguu au mtume ndugu aliyeko Arusha, na malipo ya hifadhi yanalipwa kwa kontrol namba ya serikali, waambie wakutumie hiyo namba uione na risiti uione. Mtu akikwambia atalipia keshi getini kimbia. Pia mwandikiane aina ya gari kwenye mkataba, na kama kushuka kreta kumo kwenye bei au ni juu yenu, hiyo ya kreta ni hela ya kila gari kando na viingilio.

Dereva_wa_Vumbi

Chuma pole sana, hao watu wanatuharibia kazi. Dada naongeza vichache afu nalala, kesho napokea wageni uwanja wa ndege wa KIA.

Chakula kampuni inawapa, mchana ni lanchi boksi, kipande cha kuku, yai, keki, juisi. Waswahili wengi wananilalamikia hiyo lanchi boksi hawashibi, semeni mapema mpishi afunge wali au chapati kwenye hotpoti, inawezekana kabisa mkiomba. Ila kule Ngoitoktok msile chakula nje ya gari. Kuna mwewe wanazunguka juu, unafungua boksi unainua kuku uking'ate, anashuka kama mshale anakuachia kucha kwenye kidole. Nimeona mgeni ameporwa kuku akabaki ameshika hewa. Na tumbili Seronera anajua zipu kuliko mtoto wa darasa la tano, madirisha yafungwe mkishuka.

Naabi mtakaa kama saa moja mambo ya vibali yakishughulikiwa, msikae kwenye gari mnalalamika, pandeni kile kilima kuna njia fupi, mtaona kwa nini Wamasai walipaita uwanda usio na mwisho. Mijusi yenye kichwa chekundu na mwili wa bluu imejaa kwenye mawe, akina mama wanapiga picha hiyo kuliko simba, sijui kwa nini.

Kreta pia msiniulize twiga yuko wapi, kule chini hakuna, kuta zake hazimfai na miti yake haimtoshi. Kifaru yupo, mweusi, lakini mara nyingi ni nukta inayotembea, mtapeana darubini. Kila gari liwe na darubini hata mbili, sio moja ya kugombania. Simu zina netiweki Seronera na ukingoni, kwingine mmejitenga na dunia, waagane na watoto kabla.

Bakshishi sio lazima ila mpishi mmkumbuke, anaamka saa 10 usiku kwenye baridi hiyo hiyo.

MwekaHazina_Mbagala

Wakuu mmenisaidia mno. Nimetuma yote kwenye grupu, kikao cha dharura kimekaa jana kwa mama Zuhura mpaka saa 4 usiku. Tumeamua hivi: Karatu loji usiku wa kwanza na wa tatu, hema usiku mmoja tu Seronera ili kila mtu asimulie kwamba kalala porini. Bibi nyuma ya dereva. Kanga nane. TALA kaka yake mwenyekiti yupo Ngarenaro anaenda kuangalia Jumatatu. Sare tutavaa kwa picha ya getini Lodoare dakika kumi afu kila mtu anabadilisha nguo za udongo.

Swali moja la mwisho kutoka kwa bibi, na ameniambia nisiliache: akichimba dawa nyuma ya tairi, dereva anakuwa anaangalia upande gani?

Dereva_wa_Vumbi

Mwambie bibi dereva anaangalia simba. Simba akitokea ndio anageuka.

Pweza_Mkavu

Na marejesho ya mwezi wa saba mnakusanyia wapi sasa, maana tarehe 15 mtakuwa porini?

MwekaHazina_Mbagala

Naabi, wakati wa vibali. Asiyeleta hashikiwi kanga.